Shule zilifungwa, ila mtoto wa nesi alikwenda: mlango ulioachwa wazi Uingereza wakati wa Korona

Aprili 2020 mdogo wangu, nesi katika hospitali moja kusini mwa England, alinipigia simu akiwa ametoka zamu ya usiku. Nyuma yake nilimsikia mwanawe wa miaka 7 akilalamika kwamba kiatu kimoja hakionekani.

“Anakwenda wapi asubuhi yote hii?”

“Shule, kaka.”

“Si zimefungwa?”

“Zimefungwa. Ila yeye anakwenda.”

Sikumwelewa, naye alikuwa amechoka mno kunieleza. Kwa wiki kadhaa taarifa za habari zilikuwa zimetuambia kwamba Uingereza imefunga shule, kama zilivyofungwa kwetu. Tangu siku ile nimekutana na mkanganyiko huohuo mara nyingi, na uliibuka upya mwaka 2025, pale Tume ya Uchunguzi wa Korona ya Uingereza, chini ya jaji mstaafu Heather Hallett, iliposikiliza ushahidi kuhusu watoto na vijana. Kuna wanaosema shule za kule hazikufungwa hata siku moja. Wazazi waliokaa miezi na watoto watatu kwenye meza ya jikoni, simu moja ikigombaniwa kwa ajili ya masomo, wanaiona kauli hiyo kuwa ni tusi. Wote wana hoja. Kinachowagonganisha ni neno “shule”, ambalo kwa kawaida hubeba kazi mbili bila sisi kuziona kuwa ni mbili.

Tuanze na maneno yenyewe.

“Mfanyakazi muhimu”, katika maana iliyotumika kule, ni mtu ambaye kazi yake ikisimama, watu wengine wanakosa tiba, chakula, umeme, maji au ulinzi. Haihusu cheo wala kisomo. Wasomaji wa Kenya wanalijua jambo hili kwa sura nyingine: amri ya kutotoka nje usiku ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, “watoa huduma muhimu” ndio waliokuwa na ruhusa ya kupita barabarani. Orodha ya Kenya iliwafungulia watu barabara usiku. Ile ya England iliwafungulia watoto wao geti la shule asubuhi.

“Uingereza” nayo inatuponza kidogo, kwa sababu Kiswahili kinatumia jina hilo kwa dola nzima na pia kwa sehemu yake moja, England. Elimu kule haiendeshwi na ofisi moja. England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila moja ina wizara yake na ilitoa mwongozo wake. Scotland, kwa mfano, iliwapanga wafanyakazi muhimu katika makundi 3, la kwanza likiwa la watu wa afya na matunzo waliokabiliana na Korona moja kwa moja. Ninayoyaeleza hapa zaidi ni ya England, ambako mjadala ulikuwa mkali.

Sasa hizo kazi mbili. Ya kwanza inajulikana: shule inafundisha. Ya pili hatuitaji kwa sababu iko kama hewa: shule inamshika mtoto kuanzia asubuhi hadi alasiri ili mtu mzima aende kazini. Nesi wa Muhimbili akiwa na zamu, mtoto anarudi kwa bibi, kwa shangazi, kwa dada wa kazi, au anashinda kwa jirani mpaka mama atakaporudi. Nesi wa mji wa England mara nyingi hana hata mmoja kati ya hao. Bibi yupo Moshi au Kisumu. Dada wa kazi ni gharama ya matajiri. Kwa familia ya namna hiyo, shule ndiyo bibi.

Na hata wale wenye bibi karibu walimkosa. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri Mkuu Boris Johnson aliwashauri watu wote wenye miaka zaidi ya 70 wajiepushe kukutana na wengine, maana ugonjwa ulikuwa unawaua wazee kuliko kundi lingine lolote. Wiki moja baadaye, tarehe 23, ikatoka amri ya kukaa nyumbani, na watu wa nyumba mbili tofauti hawakuruhusiwa kuchanganyika. Kumpeleka mjukuu kwa bibi kila asubuhi, jambo ambalo kwetu ndilo la kwanza kufikiriwa, likawa jambo la hatari na lililokatazwa.

Hapo ndipo serikali ilipojikuta kwenye kona. Ukifunga shule zote kabisa, unapunguza mikusanyiko, lakini siku hiyohiyo unawavuta manesi, madaktari, madereva na wahudumu wa nyumba za wazee warudi nyumbani kulea. Hospitali inakosa watu wiki ileile wagonjwa wanapofurika. Tarehe 18 Machi Waziri wa Elimu wa England, Gavin Williamson, akatangaza kwamba baada ya masomo ya Ijumaa, tarehe 20, shule zitafungwa kwa wanafunzi wote isipokuwa makundi mawili: watoto wa wafanyakazi muhimu, na watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi. Walimu wakuu walikuwa na siku mbili za kujua ni nani hao.

Anayetaka picha ya haraka aikumbuke matatu ya Nairobi ya mwaka ule. Gari la abiria 14 liliamriwa kubeba 8. Injini iliwaka, kondakta alisimama mlangoni, njia ilikuwa ileile, ila si kila aliyenyoosha mkono alipanda. Ndivyo ilivyokuwa kwa shule za England. Taa ziliwashwa, jiko lilipika, walimu walikuja kwa zamu. Virusi havikujali kwamba baba wa mtoto ni daktari, na haikuwahi kudaiwa kwamba watoto hao hawaambukizi. Hesabu ilikuwa ya wingi tu: shule ya watoto 400 ikibaki na 15, njia za ugonjwa kupita kutoka nyumba hadi nyumba zinapungua sana, na hao 15 unaweza kuwaketisha mbalimbali.

Watu wengi walidhani orodha ya wafanyakazi muhimu ni ya makoti meupe. Ilikuwa na sekta 8: afya na matunzo, elimu na malezi ya watoto, huduma muhimu za umma, serikali kuu na za mitaa, chakula na bidhaa za lazima, usalama na ulinzi wa taifa, usafiri, na ile ya mwisho iliyobeba umeme, maji, mawasiliano na benki. Ndani yake alikuwamo mpanga bidhaa wa supamaketi, dereva wa lori, mkusanya taka, mwandishi wa habari wa utangazaji wa umma, viongozi wa dini na wanaoshughulikia maiti. Walimu wenyewe walikuwamo, kwa hiyo mtoto wa mwalimu alilelewa na mwalimu mwingine ili mama yake alee watoto wa wengine.

Kwa Waswahili walioko huko hili lilikuwa na uzito wa pekee. Ile kazi tunayoiita kubeba maboksi, au kea ya wazee, yaani kuwahudumia wazee, ambayo mtu akipiga picha kuwatumia ndugu nyumbani huificha sare yake, ghafla ilikuwa kwenye karatasi ya serikali, sambamba na daktari bingwa na polisi. Naliandika hili kwa sababu nimewasikia watu wakisema kwamba hawakuwahi kujua kazi yao ina jina hilo mpaka shule ilipowapigia simu kuuliza.

Takwimu za ofisi ya taifa ya Uingereza, zilizotolewa Mei 2020 kwa kutumia hali ya mwaka 2019, zinaonyesha kwamba watu milioni 10.6 walikuwa katika kazi hizo. Hiyo ni asilimia 33 ya wafanyakazi wote. Ukisikia theluthi nzima ya wafanyakazi, unatarajia theluthi ya watoto watokee shuleni. Hawakutokea. Katika Aprili 2020 waliofika shuleni England hawakufikia hata watoto 3 kati ya 100.

Tofauti hii ndiyo inayowapotosha wengi, na inafaa tuipe muda.

Kwanza, orodha haikuwa tiketi. Mwongozo wenyewe ulisema kwamba kama kuna namna yoyote ya mtoto kuwa salama nyumbani, abaki nyumbani. Mzazi mmoja tu akiwa kwenye orodha, mtoto alikuwa na haki ya nafasi; lakini mzazi wa pili akiwa nyumbani, familia ilitarajiwa isiitumie. Hapo uvumi ukazaliwa kwamba lazima wazazi wote wawili wawe wafanyakazi muhimu. Sheria ya England haikusema hivyo, ingawa baadhi ya shule zilizozidiwa ziliweka masharti yake zenyewe, hasa baadaye.

Pili, wazazi wa pili walikuwa nyumbani kwa wingi kuliko wakati wowote. Serikali ilikuwa ikilipa hadi asilimia 80 ya mshahara wa mtu aliyesimamishwa kazi kwa muda, ukomo ukiwa pauni 2,500 kwa mwezi. Mume wa nesi aliyekuwa mpishi wa hoteli akawa mlezi wa mchana, na mshahara unaingia.

Tatu ni hofu, na hofu ndiyo niliyoisikia kwa mdogo wangu. Aliona wagonjwa. Alijua pia, kama walivyojua wote wa rangi yake, kwamba majina ya wahudumu wa afya waliokufa wiki zile yalikuwa kwa wingi mno ya Waafrika na Waasia. Kumvalisha mtoto sare na kumpeleka kwenye jengo lenye watoto wa manesi na madereva wa mabasi, yaani watoto wa watu waliokuwa karibu zaidi na ugonjwa, hakukuwa upendeleo kwa macho yake. Alimpeleka kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Hakuna mzazi wa namna hiyo aliyelazimishwa kisheria. England huwatoza faini wazazi ambao watoto wao hukosa shule bila ruhusa, lakini katika kipindi kile hakuna aliyetozwa kwa kumweka mtoto nyumbani.

Je, watoto hao walipata elimu wenzao wakiikosa? Hapa inabidi kutenganisha vipindi viwili, kwa maana wanaolumbana mara nyingi kila mmoja anakumbuka kipindi chake.

Katika kufungwa kwa kwanza, kuanzia Machi 2020, jibu ni hapana kwa sehemu kubwa. Watoto wa umri tofauti waliwekwa chumba kimoja, walimu wakipokezana kwa zamu, wengine wakiwa wamejifungia nyumbani kwa sababu ya maradhi yao. Kulikuwa na kuchora, michezo ya uwanjani, kazi chache za karatasi. Baadhi ya shule ziliunganishwa, mtoto akapelekwa kwenye jengo asilolijua, na walimu asiowajua. Geti halikufungwa hata wakati wa likizo ya Pasaka. Baadhi ya shule zilipokea watoto hata Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili. Ilikuwa ile kazi ya pili ya shule imebaki peke yake, bila ya kwanza. Mtoto wa mdogo wangu alirudi siku moja akasema wamepanda maharage kwenye vikombe. Mama yake alifurahi, akalia pia, kwa sababu mtoto alikuwa hajajua kusoma vizuri.

Mambo yakabadilika polepole. Tarehe 1 Juni 2020 shule za msingi ziliruhusiwa kuwarudisha wanafunzi wa madarasa ya mwanzo na wa darasa la mwisho, katika makundi yasiyozidi 15 na yasiyochanganyika. Septemba wote wakarudi. Kisha wimbi la pili likaja. Tarehe 4 Januari 2021 shule nyingi za msingi zilifungua baada ya Krismasi, na jioni ya siku hiyohiyo Johnson akatangaza kufungwa tena. Watoto walisoma siku moja. Wengi hawakurudi mpaka tarehe 8 Machi.

Katika kipindi hiki cha pili geti lilikuwa limepanuka. Katikati ya Januari 2021 karibu mtoto mmoja kati ya 5 wa shule za msingi za serikali alikuwa darasani. Sekondari, ambako watoto wanaweza kubaki peke yao, walikuwa takriban mmoja kati ya 20. Ilisemwa kwamba wazazi wamejifunza kudanganya. Labda wapo waliodanganya, watu ni watu, lakini sababu zinazoonekana zinatosha. Ofisi, viwanda na maeneo ya ujenzi yalikuwa wazi zaidi kuliko mwezi Aprili, kwa hiyo yule mzazi wa pili alikuwa amerudi kazini. Orodha iliongezwa watu wa kazi zilizohitajika katika mpito wa kujitoa Umoja wa Ulaya. Na maana ya mtoto aliye katika mazingira hatarishi ilipanuliwa ili iweze kumwingiza hata yule asiye na kompyuta au mahali patulivu pa kusomea. Pia wazazi walikuwa wamechoka. Kulea, kufundisha na kufanya kazi kwa wakati mmoja ni jambo walilokuwa wamelijaribu tayari, na walijua mwisho wake.

Shule ziliweza kuomba ushahidi mwepesi, kitambulisho cha kazi au karatasi ya mshahara. Mwalimu mkuu akawa kama mlinzi wa geti, akiamua ni simu ipi aiamini. Mwongozo ulimkataza kuweka ukomo kwa watoto wa makundi yaliyoruhusiwa, huku ukimhimiza awakumbushe wazazi wabaki na watoto. Maagizo mawili yanayovutana, na yeye katikati. Kwa masomo yenyewe, serikali sasa ilitaka kila mtoto, aliye nyumbani na aliye shuleni, apate saa 3 kwa siku katika miaka ya kwanza ya msingi, saa 4 katika miaka ya juu ya msingi na 5 sekondari. Mara nyingi mtoto aliyekuwa shuleni alikaa mbele ya skrini akifuata somo lilelile ambalo mwenzake alilifuata kitandani.

Kuna kundi la pili ambalo mjadala wa wafanyakazi muhimu hulifunika, na kwangu ndilo linaloniuma zaidi. Watoto wenye afisa ustawi wa jamii, wale ambao nyumbani kwao kuna ugomvi, ulevi au njaa, na wenye mpango rasmi wa mahitaji maalumu, waliachiwa geti wazi makusudi kwa ajili ya usalama wao. Mwezi Aprili 2020 waliofika walikuwa takriban 5 tu kati ya kila 100. Mtoto wa nesi alikuwa na mzazi anayepiga simu shule kumwombea nafasi. Hawa hawakuwa na mtu huyo, na ndiyo sababu waliingizwa kwenye orodha. Mwalimu anayemwona mtoto kila siku huona jicho lililovimba, huona shati lisilofuliwa. Alipoacha kumwona, hakuna aliyeona.

England haikuwa peke yake. Ujerumani na Uholanzi ziliweka matunzo ya dharura kwa watoto wa watu wa kazi za lazima, na Ufaransa ilianza na wale wa wahudumu wa afya. Kwetu tangazo lilikuwa la kufunga moja kwa moja. Kenya ilitangaza tarehe 15 Machi 2020, Tanzania siku mbili baadaye. Tanzania ilizifungua shule zote tarehe 29 Juni mwaka huohuo, Kenya ikawarudisha wanafunzi wote Januari 2021, na Uganda ilifika Januari 2022 kabla ya kufungua kikamilifu. Katika matangazo hayo ya Machi hakukuwa na geti la pembeni kwa mtoto wa nesi. Ilichukuliwa kwamba yupo bibi. Kwa wengi kweli alikuwapo, na kwa kuwa agizo halikuuliza, yule daktari msaidizi aliyehamishiwa wilaya ya mbali bila ndugu hata mmoja alijitafutia mwenyewe, au alimfungia mtoto ndani akaenda zamu.

Nilipokwisha kuyaelewa haya nilidhani ni historia. Kisha tarehe 1 Februari 2023 walimu wa England waligoma, na mwongozo wa serikali uliwaomba wakuu wa shule, pale walimu wachache waliobaki wasipotosha, watangulize watoto walio katika mazingira hatarishi, wanaojiandaa na mitihani, na watoto wa wafanyakazi muhimu. Mdogo wangu alinitumia picha ya fomu aliyopelekewa. Kwenye nafasi ya kazi ya mzazi alikuwa ameandika “nesi”, na chini yake shule ilikuwa imeuliza kama kuna mtu mwingine nyumbani anayeweza kubaki na mtoto.